MSITU USIO NA NYAYO HAUNA MWENYEWE

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Ukiitazama hali yetu sisi vijana wa Nairobi utadhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili yetu. Mji huu umezungukwa na misitu na vilima, na ndani yake mna njia nzuri ajabu za kutembea kwa miguu. Wageni huja kuzitembea wakiwa na kofia zao na chupa zao za maji. Sisi wenyewe tunapita nje ya ua tukiwa ndani ya matatu, muziki umefunguliwa hadi mwisho, tunakwenda mjini kutazama viatu tusivyoweza kununua.

Ndugu msomaji, sitauma maneno. Njia hizi ni mali yetu, na tusipozitembea iko siku zitachukuliwa. Na wanaofaa kutuongoza kuzitembea ni shule zetu.

Kwanza tuambiane ni zipi, maana mtu hawezi kupenda asichokijua. Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000, na vijia vyake ukiviunga pamoja vinapita kilomita 50. Humo mna maporomoko ya maji, na mna mapango ambayo yasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Arboretum iko karibu na Ikulu, kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya mji. Ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, kwa sababu gari la moshi la siku hizo lilikuwa likila kuni kama lina njaa ya mwaka mzima. City Park, kule Parklands, kuna nyani wadogo wasio na adabu watakaokupokonya ndizi mkononi. Lakini pia kuna kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi mwaka wa 1965, na la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Ni wangapi kati yetu wanaoyasoma majina hayo katika Historia na hawajui kwamba wenyewe wamelala hapo, mwendo wa dakika chache kutoka stejini?

Halafu kuna vilima vya Ngong. Unapanda matatu nambari 111 hadi mji wa Ngong, kisha miguu inafanya kazi yake. Kilele cha juu, Lamwia, kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa juu ya mgongo wa vilima, upande mmoja unaona Nairobi yote na maghorofa yake yamekuwa kama viberiti, na upande wa pili ardhi inaporomoka hadi ndani ya Bonde la Ufa. Juu ya kichwa chako mitambo ya umeme wa upepo inavuma vuu, vuu. Mwenye pumzi huendelea, kilele baada ya kilele, mpaka akatokea Kona Baridi.

Sasa nije kwenye kiini cha jambo. Kwa nini nasema zitachukuliwa? Kwa sababu zilikaribia kuchukuliwa. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akaandika barua huku na huko kupinga, akachekwa hata bungeni, lakini mwishowe mradi ule ukafa. Miaka ya tisini ilipokuwa inakwisha, sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi na miti imeanza kuangushwa. Tarehe 8 Januari 1999 mama huyo alikwenda Karura na wenzake kupanda mche. Wakavamiwa na genge la wanaume, akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana wakitetea msitu huo, wakapambana na polisi. Mnamo Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka wa 2004 Profesa alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tazama vizuri, msomaji. Msitu huo haukuokolewa na ramani wala karatasi. Karatasi zilikuwepo tangu mwaka wa 1932 ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali, na mnyakuzi hakuziogopa. Uliokolewa na watu waliokwenda pale kwa miguu yao. Ndiyo maana nasema msitu usio na nyayo hauna mwenyewe. Mahali pasipopitwa na mtu, mnyakuzi akijenga ua usiku, nani atauliza asubuhi? Lakini mahali ambapo darasa zima lilikula mkate wake chini ya mti fulani, mti huo ukikatwa vinywa arobaini vitapiga kelele, na kila kinywa kina mzazi nyumbani.

Najua kuna watakaonipinga, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni wazazi wetu, hasa mama zetu. "Msituni? Uende ukanyongwe?" Hofu hii haikuzuka bure. Karura ilikuwa maficho ya majambazi, na mtu mwenye akili hakuingia. Lakini ni nini kilichobadilisha mambo? Ni ua wa stima uliozungushwa, ni askari wa msitu, wakiwemo vijana wa kitongoji cha Huruma kilicho pembeni mwake (si ile Huruma ya Eastlands), na zaidi ya yote ni watu wenyewe kuanza kuingia kwa wingi. Mwizi hapendi macho. Vivyo hivyo pale kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, palikuwa jaa la taka na maskani ya wezi mpaka paliposafishwa mwaka wa 2008, leo panaitwa Michuki Park. Sisemi msichana wa kidato cha kwanza aende Ngong peke yake saa kumi na mbili jioni. La hasha! Nasema twende kwa kundi, mwalimu akiwepo, asubuhi, na kule Ngong tuombe askari watusindikize. Umoja ni nguvu.

Wa pili atasema: pesa ziko wapi? Jamani, hebu tupige hesabu. Safari ya shule aghalabu ni kukodi basi kwenda Nakuru au Mombasa. Wanaolipa ni wachache, na wengine tunabaki darasani tukisubiri kusimuliwa. Nani asiyeujua uchungu wa kusikiliza hadithi za Fort Jesus kwa wiki mbili? Nauli ya kwenda Ngong na kurudi, pamoja na ada ya langoni, haifikii hata robo ya safari ya pwani. Arboretum hata nauli huhitaji, ukifika mjini unatembea. Lakini nakiri kwamba hata ada ndogo ni ukuta kwa mtoto ambaye nyumbani wanahesabu unga kwa vikombe. Ndiyo maana naiomba serikali jambo moja: mwanafunzi aliyevaa sare, akiwa na mwalimu wake, aingie bure katika misitu ya umma angalau siku moja kila muhula. Profesa hakupasuliwa kichwa ili msitu uwe wa wenye magari pekee.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote, kwa sababu anaweza kuwa ameketi nami dawati moja. Atasema, "Wewe, mimi natembea saa nzima kuja shule na saa nzima kurudi. Unataka nitembee tena Jumamosi, kwani mimi ni punda?" Ndugu yangu, nakuelewa. Sisi wa shule za kutwa miguu yetu tunaijua. Lakini kutembea kule si kutembea. Ni kukimbizana na kengele kando ya barabara isiyo na njia ya watu, pikipiki zinakupita ubavuni, lori linakutemea moshi. Kila mwaka wanaokwenda kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa katika barabara za nchi yetu. Kwa hiyo mtu huyu ndiye hasa anayestahili kujua kwamba duniani kuna njia ambayo haina gari. Ajue mtu anaweza kutembea bila kutazama nyuma. Akishaijua njia ya namna hiyo, siku moja atadai ijengwe moja mpaka mlangoni pa shule yake.

Mbona tena tusiangalie faida ya masomo? Bonde la Ufa tunalichora ubaoni kwa chaki ya rangi, na lenyewe liko pale nyuma ya Ngong linatungoja. Katika Biolojia tunakariri mimea, lakini tuonyeshwe muhugu, mti ambao mbao zake ngumu zinagombewa na wachongaji wa vinyago, hatutautambua hata tukiuegemea. Mbega, yule nyani mweusi mwenye joho jeupe, tunamjua kwa picha tu, na yuko Karura baada ya kurudishwa kutoka misitu ya Kipipiri. Na sisi wa chama cha Kiswahili ndio tuna aibu kubwa zaidi. Kila insha yetu inaanza na ndege waliotumbuiza na upepo mwanana uliovuma. Ndege gani? Mwalimu akiuliza jina, darasa linanyamaza kama maji mtungini. Tunaandika habari za mambo tuliyoyasikia kwa watu waliosikia kwa watu.

Basi napendekeza haya. Kila chama katika shule, kuanzia hiki chetu, kiwe na matembezi angalau mara moja kwa muhula katika njia iliyo karibu. Kila kidato kichague njia moja iwe yake, ikiitembelea tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, ili ikiharibiwa tujue mara moja. Twende bila chupa za plastiki za kutupa, maana tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia nazo msituni, na tukikuta takataka za wengine tuziokote. Tukirudi tuandike tulichokiona, gazeti hili lipate habari mpya badala ya vichekesho vya mwaka juzi.

Walimu wetu wapenzi, najua mtihani wa taifa uko njiani na saa hazitoshi. Hata hivyo mtihani hautatuuliza nani alinyakua Karura tulipokuwa tumeinamisha vichwa kwenye vitabu. Watakaouliza ni wadogo zetu, na mtoto akiuliza swali hilo hakuna maksi za kubahatisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la msitu ni nyayo za wenyewe, na ukurasa wetu bado mtupu. Nimetia nanga hapa. Mwenye hoja ya kunipinga aandike, toleo lijalo lina nafasi. Lakini kabla ya kuandika, aende kwanza akaone.