Ushabiki si uraia

Machi 2024 niliulizwa kitambulisho cha taifa kwa sababu ya mpira wa kikapu. Aliyeniuliza hakuwa askari. Ni jamaa ninayekunywa naye kahawa kila nikirudi nyumbani Ngara, mtu aliyebeba jeneza la babu yangu. Nilikuwa nimeshika simu, natazama Dynamo ya Bujumbura ikicheza huko Pretoria kwenye Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Walipofunga nikapiga kelele. Jamaa akageuka: "We Mrundi nini? Hebu toa NIDA tuone."

Kijiwe kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Usiku nilipolala sikucheka tena, na andiko hili ni jibu langu kwake, na kwa wengi wanaofikiri kama yeye.

Kwanza habari yenyewe, kwa msiofuatilia kikapu. Dynamo ilikuwa timu ya kwanza ya Burundi kucheza BAL. Rwanda ni mdhamini wa ligi hiyo, na jezi zilikuwa na maneno "Visit Rwanda" kifuani. Januari mwaka huohuo Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, tuhuma ambazo Kigali inazikana. Basi tarehe 9 Machi wachezaji wa Dynamo wakaingia uwanjani wamebandika utepe juu ya maneno yale. Wakacheza, wakaifunga Cape Town Tigers ya Afrika Kusini 86 kwa 73. Kesho yake ilikuwa zamu ya FUS Rabat ya Morocco. Ligi ikasema kanuni za sare zifuatwe, Dynamo wakakataa kuvaa jezi ile, mechi ikapotea mezani. Tarehe 12, dhidi ya Petro de Luanda ya Angola, ikawa hivyohivyo. Ukishindwa kucheza mara mbili unatolewa. Fainali zikachezwa Kigali, Petro wakabeba kombe.

Sasa mtu wa Ngara ashangilie nani? Wilaya yetu inapakana na nchi zote mbili. Ukishuka Rusumo unavuka daraja unaingia Rwanda. Ukienda Kabanga unaingia Burundi. Pale kijiweni zilikuwepo kambi mbili. Wengine walisema anayelipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo, Rwanda imetoa hela, jezi ivaliwe. Wengine walisema huwezi kumvalisha mtu jina la jirani aliyegombana naye. Mimi nilikuwa na Dynamo, kwa sababu nyepesi tu: walikuwa wageni wasiopewa nafasi, na walicheza vizuri. Jamaa yangu hakuwa na kambi. Yeye alisema Mtanzania ashangilie Tanzania, yaishe.

Kaka, Tanzania haikuwa na timu kwenye mashindano yale. Ningeshangilia nini, mwamuzi?

Tena tutazamane vizuri. Siku ile jamaa alikuwa amevaa jezi ya Arsenal. Kwenye mkono wa jezi hiyo, kama ilivyokuwa tangu 2018, palikuwa pameandikwa maneno yaleyale: Visit Rwanda. Ameivaa sokoni, ameivaa kwenye kibanda umiza, ameivaa akiwa kwenye bodaboda mpaka Rulenge. Hakuna aliyewahi kumwita Mnyarwanda. Wala hakuna anayemwita Mwingereza, ingawa timu ikifungwa hali chakula. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kwenye usajili wa wachezaji wapya wa NBA na kwenda Memphis Grizzlies, sisi wanafunzi wa Biharamulo tuliamka mashabiki wa Memphis bila kujua iko upande gani wa Marekani. Hatukuulizwa viza. Na hao Simba na Yanga tunaogombania kila wiki, wote ni wa Kariakoo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Mapenzi ya mbali kwetu hayana kesi. Kesi huanza pale unapompenda wa karibu.

Hapo ndipo penye kidonda. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa chini ya watawala wa Burundi kabla Wabelgiji na Waingereza hawajagawana eneo la Wajerumani. Aprili 1994 watu takribani 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, kambi ya Benaco ikawa mji kabla sisi hatujamaliza kushangaa. Halafu Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita. Waliokumbwa walikuwemo watu waliokaa nchini kwa miaka mingi, wenye wake, waume na watoto wa Kitanzania. Tangu hapo wengi wetu tulijifunza adabu mpya: Kiswahili kwa sauti ya juu, Kihangaza kwa kunong'ona. Ukipanda basi kwenda Kahama, ukifika Nyakanazi unakuwa umeshabadilisha lafudhi.

Kwa hiyo neno "we Mrundi nini?" si utani mtupu huku kwetu. Ni utani wenye meno. Linamwambia mtu kwamba uraia wake ni deni, na kila siku lazima alipe kidogo. Leo alipe kwa lafudhi, kesho kwa jina la babu, keshokutwa kwa timu anayoshangilia.

Ninyi mnaosoma vitabu mnajua ujinga wa hoja hii kuliko mtu yeyote. Nilipomsoma Rosa wa Kezilahabi, nilikuwa upande wake ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyeniambia nithibitishe kwamba mimi ni msichana wa Ukerewe. Msomaji anachagua wa kumwonea uchungu. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma. Shabiki anafanya vilevile: anakaa mbele ya watu asiowajua, anachagua moyo wake uende wapi, na kwa saa mbili anaumia kwa maumivu yasiyo yake. Ukimnyima mtu haki hiyo kwa majirani zake, unamwachia haki ya kuwaonea uchungu watu wa London peke yao.

Mtaniambia, "Mbona utepe ule ulikuwa siasa? Unatuambia michezo haina siasa?" Sisemi hivyo. Utepe ulikuwa siasa, na tangazo lililofunikwa lilikuwa siasa pia. Serikali hailipi hela ili wachezaji wapendeze. Ninachosema ni kwamba mimi sikushangilia utepe. Nilishangilia vijana waliocheza robo nne na kushinda. Na nilichukia kilichofuata, kwa pande zote mbili. Ligi iliona tangazo ni kubwa kuliko mchezo. Wakubwa wa Burundi wakaona ugomvi wao ni mkubwa kuliko safari ya wachezaji wao. Kati ya wakubwa hao hakuna aliyepoteza kitu. Waliopoteza ni wachezaji, waliofika mbali kuliko timu yoyote ya nchi yao, wakarudi nyumbani wakiwa na ushindi mmoja na mechi mbili ambazo hawakuzicheza.

Na ukifikiri vizuri, jamaa yangu alinifanyia mimi walichofanyiwa wao. Aligeuza jezi kuwa pasipoti.

Basi jibu langu ndilo hili, kaka, na nitakuambia tena ana kwa ana nikija, kahawa nitalipa mimi. NIDA yangu ninayo, imo kwenye pochi, inasema Mtanzania, nami sina mashaka nayo. Sikuionyesha siku ile na sitaionyesha siku nyingine kwa sababu ya kikapu. Dynamo wakicheza tena nitapiga kelele. Ikicheza timu ya Kigali na ikanifurahisha, nitapiga kelele vilevile. Na nitapiga kwa Kihangaza, kwa sauti ya juu, hapohapo kijiweni.