Kovu la Kombe Lastahili Jina la Kiswahili

Mfugaji wa Kisii au Nyamira amng'oapo kupe sikioni mwa ng'ombe, hubaki kijidonda. Kupe hayupo tena, lakini kila atazamaye hujua kwamba pale aliganda mdudu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Wataalamu wa visukuku husoma makovu ya namna hiyo juu ya makombe ya kale ya baharini. Wako viumbe wasiotembea, ambao hujishikiza kwenye gamba la mwenzao na kuichimba kidogo chokaa yake ili wasichukuliwe na maji. Wafapo, miili yao huoza au kung'oka, ilhali vishimo hudumu mamilioni ya miaka. Mwaka 1973 Bromley na Surlyk waliviita Podichnus vishimo vilivyoachwa na brakiopodi, mnyama wa makombe mawili ajifungaye kwa kikonyo. Mwaka 2004 Gibert, Domènech na Martinell walilibunia kundi zima la alama hizo jina la fiksiknia, kwa kuunganisha neno la Kilatini lenye maana ya kukazwa na la Kigiriki lenye maana ya wayo.

Mimi si mwanajiolojia. Kazi yangu ni lugha. Lakini nauliza: ikiwa wataalamu hao hawakuona haya kuokota maneno ya kale na kuyapa kazi mpya, sisi twaogopa nini?

Wako watakaosema kwamba Kiingereza chatosha. Hoja hiyo haina mashiko, kwani Kiingereza chenyewe kimeazima maneno hayo. Mwanafunzi akaririye neno asiloliona maana hajafunzwa sayansi. Amefunzwa sauti tu.

Kiswahili kina neno "kisukuku" kwa mabaki ya mwili, kama mifupa ya kale ya Rusinga, kwa jirani zetu wa Homa Bay. Kwa alama iliyoachwa na kiumbe, napendekeza "athari". Leo twalitumia neno hili kwa maana ya matokeo, lakini katika Kiarabu lilikotoka ni wayo au alama iliyobaki nyuma, na Kiswahili cha zamani kililijua kwa maana ya doa. Basi makovu ya kombe na yaitwe "athari za mshiko". Vijana wa mitaani watacheka, maana kwao mshiko ni fedha. Na wacheke, neno litakumbukwa.

Hapana shaka mtoto wa Tabaka hatayaona makovu hayo katika mawe ya sabuni yachongwayo kwao, kwa kuwa miamba ya Kisii ilifanyika kabla ya wanyama wenye makombe kuwako duniani. Hiyo ndiyo sababu ahitaji neno lililo wazi: asichoweza kukigusa, lugha imwonyeshe. Mwalimu na aanze na sikio la ng'ombe, awaulize wazee kovu la kupe huitwaje kwa Ekegusii, kisha apande hadi Kiswahili, na mwisho Kiingereza.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 yaitaka Serikali ikuze lugha za wenyeji. Lugha haikuzwi kwa nyimbo za sherehe pekee. Hukuzwa ipewapo kazi ngumu. Walimu na wachapishaji wa Kisii na Nyamira, kazi hii ni yetu, tusiingoje Nairobi.