Resho Isiyo na Waya wa Ardhi: Mama, Kataa Kupikia

Ndugu mfanyakazi, kazini sheria unaijua. Kabla ya kutia mkono ndani ya mashine, umeme unakatwa, kufuli linafungwa, ufunguo unakaa mfukoni mwako. Shefu akikutuma utengeneze mashine ingali na umeme, unakataa, nasi sote tunakusifu. Je, nyumbani ni nani anayekataa?

Katika majiko mengi ya kambi zetu, resho imeungwa kwa waya mwembamba wa taa. Ncha zake zimechomekwa katika prizi hivi hivi, na kiungo kimefungwa kwa kipande cha plastiki. Aliyeunga ni bwana wa nyumba. Anayegusa kila siku ni mama, mikono ina maji ya sombe, miguu mitupu juu ya simenti, mtoto mgongoni. Ndiyo maana nasema wazi: mama ana haki ya kukataa kupikia resho ya namna hiyo, na bwana asikasirike.

Tuhesabu kidogo. Umeme wa nyumba zetu ni volti 220. Resho ya wati 2000 inavuta ampea 9 hivi. Jiko kubwa lenye sahani nne na tanuri laweza kufika wati 6000, maana yake ampea 27. Waya wa taa, wa milimita za mraba 1,5, hauwezi mzigo huo: unapata moto, mpira wake unayeyuka, na nyumba inaweza kuwaka watu wamelala. Jiko kubwa linataka waya wake peke yake, wa milimita za mraba 6, kutoka sanduku la umeme, pamoja na fyuzi yake ya ampea 32. Resho ndogo inataka prizi nzima yenye waya wa 2,5. Fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala uzi wa shaba. Fyuzi inakufa mahali pako.

Waya wa tatu, wa kijani na manjano, ndio waya wa ardhi. Wengine wanaukata kwa kuwa resho inawaka hata bila huo. Ni kweli, inawaka. Lakini siku waya wa ndani utakapogusa chuma cha resho, umeme utatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo itakuwa mwili wa mama. Miliampea 10 hivi zatosha kukaza mkono usiweze kuachia. 30 zaweza kuua. Na zile ampea 9 za resho ni miliampea 9000!

Utasema: fundi anadai pesa, na mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Najua. Lakini mbabula ipo. Pikeni kwa makala mpaka fundi wa umeme apatikane, ila iwe nje, kwa maana hewa ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa inaua pia. Kungoja mwezi mzima si aibu. Na umeme ukipotea, ondoeni resho katika prizi: unaweza kurudi mama yuko sokoni na watoto wako peke yao.

Mtu akikamatwa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza. Kama huwezi, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, ita watu, kisha kandamiza kifua chake katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Palipoungua, mwagia maji safi dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta. Hata akisema amepona, mlete kwetu, kwa sababu umeme huunguza ndani pasipoonekana, na huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Bwana, Jumapili hii kata umeme, ufuate waya wa resho kwa macho kutoka prizi hadi sahani. Ukikuta kiungo, au waya wa kijani umekatwa, usingoje mama akatae. Mwili unaoulinda kazini kwa kufuli, nyumbani uko wa mke wako na wa watoto wako. Nao wanastahili kufuli hilo hilo.