Kabla ya kugeuza kitanda, tazama maji yako yanamwagikia nani

Ukifungua simu leo, hukosi video ya kufundisha namna ya kupanga nyumba kwa kufuata feng shui, elimu ya zamani ya Wachina. Usiweke kitanda kikitazamana na mlango. Toa kioo mbele ya kitanda. Usirundike vitu pa kuingilia. Ukifanya hivyo, wanasema, amani na pesa vitaingia nyumbani.

Sina ugomvi na anayependa kupanga chumba chake hivyo. Lakini tunachukua mwisho wa elimu hiyo na kuacha mwanzo wake. Kwa Kichina, feng ni upepo, shui ni maji. Kabla ya kuuliza kitanda kikae wapi, Wachina wa zamani waliuliza nyumba yenyewe ikae wapi: upepo unapiga kutoka upande gani, maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Mahali pazuri kwao palikuwa na mlima nyuma wa kukinga upepo, na maji mbele.

Mkaaji wa Bukavu anaweza kucheka: kumbe sisi tumebarikiwa! Mlima nyuma, Ziwa Kivu mbele. Lakini Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, pia zina mlima nyuma na ziwa mbele. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023 mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, mawe na matope vikashuka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 400 walikufa. Hatari ilitoka kwenye mlima uleule ambao mafundisho yanasema unalinda mgongo.

Hapa mjini hali si tofauti sana. Upande wa Funu, udongo unasogea polepole, kuta zinapasuka, na watu wanaendelea kukaa humo. Kwenye miteremko ya Kadutu na Ibanda, nyumba moja inasimama juu ya bati la nyingine.

Ndiyo maana nasema feng shui ya kwenye simu inatudanganya kwa jambo moja kubwa. Inasema bahati ya nyumba iko mikononi mwa mwenye nyumba. Katika mji wa milima, bahati ya nyumba yako iko kwa jirani anayekaa juu yako, na bahati ya anayekaa chini iko kwako. Jirani wa juu akikata mlima apate nafasi ya jiko, akielekeza maji ya mabati yake kwenye ukuta wako, akitupa takataka mtaroni, wewe geuza kitanda mara saba, matope yatapita tu.

Upepo nao una hesabu yake. Kadutu, penye nyumba za mbao zilizobanana, moto ukianzia kwa mmoja, upepo unaupeleka kwa wengine, na gari la kuzima moto halina njia. Hapo shauri la Wachina la kuacha mlango wazi lina maana kweli: usiku wa moto, bidoni na magunia ya makala yaliyozuia mlango yanaweza kuua familia. Mbabula nayo isilale ndani na watu. Hewa mbaya ya makala haina harufu, na aliyelala haimwamshi.

Wengine watasema: maskini hachagui kiwanja. Ni kweli. Wengi walikimbia vita vijijini wakanunua pale pesa yao ilipofika. Sitawalaumu hao. Lakini kiwanja cha kwenye korongo hakijipimi chenyewe. Kuna aliyekipima, kuna aliyekiuza, kuna aliyetia sahihi kwenye karatasi. Hao ndio wa kuulizwa kila mara tunapozika watu baada ya mvua. Viongozi wa mji waache kutoa karatasi za viwanja vya kwenye makorongo na kando ya mito, na waliokwisha kuuziwa huko waonyeshwe pengine pa kukaa, si kubomolewa tu.

Sisi wakaaji nasi tuna kazi isiyongoja serikali. Kila avenyu, shefu wake akiwaita watu, inaweza kukubaliana juu ya mtaro mmoja unaotoka juu mpaka chini, na salongo ya Jumamosi ikausafisha. Kila mwenye bati aweke mfereji wa kupeleka maji kwenye mtaro huo, si kwa jirani. Penye mteremko mtupu, pandeni miti au matete yashike udongo.

Kiangazi chetu ni miezi mitatu tu, tangu wa sita hadi wa nane. Mtaro usipochimbwa wakati huo, mvua ya mwezi wa tisa itajichagulia njia yenyewe, na njia hiyo mara nyingi hupita katikati ya chumba cha mtu.