Waacheni Wakusanye Vidoli Vyao

Wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mnaosoma huku mama akiwasaidia pembeni,

Kila Jumamosi mlangoni nasikia lalamiko lile lile: binti amemaliza hela za sikukuu kwa vidoli vya mashujaa wa kike na picha zao za kubandika ukutani. Mimi nasema mwacheni akusanye.

Mchukueni Storm. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika katuni za Marvel, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe. Baba Mmarekani mweusi, mpiga picha, mama Mkenya. Kazaliwa New York, kakulia Kairo, kisha akavuka bara kwenda kwa kina mama yake Kenya, ambako watu walimwomba awaletee mvua. Huyo si mtoto wa ughaibuni kama hawa wetu? Na nguvu zake zote ni somo la Kiswahili: radi, ngurumo, manyunyu, ukungu, tufani, mvua ya mawe. Maneno hayo hayo kwenye kitabu cha darasa yanawapa usingizi.

Kuna pia Nakia wa filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Kidoli chake kina sura ya Lupita Nyong'o, Mkenya. Ayo, yule mlinzi wa mfalme, kachezwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu tunaishi Jeppestown. Ghasia dhidi ya wageni za 2008, 2015 na 2019 zilipita mitaa hii hii, na wengi wetu tumewaambia watoto wasiongee Kiswahili kwenye teksi. Siwalaumu, ni usalama. Lakini mtoto aliyezoea kuinyamazisha lugha ya mama yake anahitaji mahali pa kuiona ikiwa na nguvu. Mashujaa wengi wa katuni wana majina mawili na huficha moja. Watoto wetu hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Kuhusu mavazi, hapo nipo pamoja nanyi. Wachoraji wengine humpeleka mwanamke vitani na nguo ya kuogelea. Msiichane picha. Mpeni binti penseli amchoree nguo anayoona inafaa kwa vita, halafu awaeleze kwa Kiswahili kwa nini.

Bei nazo, kweli ni kali. Kimoja kwa mwaka kinatosha, na kifunguliwe. Wakusanyaji wakubwa hawafungui boksi ili thamani isishuke; mtoto wa miaka tisa hana biashara hiyo.

Jumamosi ijayo kila mmoja aje na shujaa wake wa kike, atuambie ni nani, mama yake katoka wapi, na anaweza nini. Asiye na kidoli achore. Karatasi na rangi ninazo.