Ratiba Iliyovimbiwa

Kila ikaribiapo likizo ya Aprili au ya Agosti, magari madogo yaliyobebeshwa mizigo mpaka juu ya paa hushuka kutoka Changamwe yakibanana na malori ya bandarini, hupita Kibarani kwa haraka, kisha huvuka Makupa na kuingia kisiwani. Na katika kila gari, nathubutu kusema, pana ratiba ya siku tatu ambayo mwandishi wake hakuiandika kwa ajili ya kuona, bali kwa ajili ya kumaliza. Itikadi iliyoenea miongoni mwetu ni kwamba safari fupi ni mfano wa kikapu cha sokoni: kadiri kinavyojazwa, ndivyo fedha ya mwenyewe ilivyotumika vema. Dhana hiyo ni batili, nami sikusudii kuipinga kwa upole.

Nianze na ushahidi ulio karibu. Mwaka jana shemeji yangu alitufikia kutoka Nakuru na wanawe watatu, na kabla hajanywa maji alinitandazia mezani karatasi yenye vituo 12. Siku ya kwanza ilikuwa na Fort Jesus, Mji wa Kale, pembe za Moi Avenue, Haller Park na magofu ya Jumba la Mtwana. Ya pili Mnarani, Gede, Watamu, nguzo ya Vasco da Gama huko Malindi, na Marafa. Ya tatu Diani na Shimba Hills, kisha kurejea kwao usiku. Kila kituo kiliandikiwa saa yake pembeni kwa wino mwekundu, na ngome ilipewa dakika 45. Nilimkumbusha kwa adabu, maana shemeji ni shemeji, kwamba Waomani walikaa nje ya ngome hiyo miezi 33, tangu Machi 1696 hata Disemba 1698, ndipo wakaingia. Akacheka, akaitazama saa yake.

Kwa dakika 45 mtu aona nini? Ataiona mizinga, atapigwa picha bahari ikiwa nyuma yake, atatoka. Ile michoro ya ukutani, ambayo askari wa Kireno waliochoshwa na zamu waliichora kwa makaa na udongo mwekundu, haimjii apitaye mbio. Yataka mtu asimame mpaka macho yazoee, hata mstari alioudhania kuwa ufa ugeuke mlingoti wa merikebu. Na akishatoka hapo kuingia Ndia Kuu, gari halimfai kitu: njia ni nyembamba, vibaraza ndio ukumbi wa wenyeji, na muuza kahawa aja na dele lake akigonganisha vikombe vidogo mfano wa kaka la yai. Kikombe ni kidogo, lakini kahawa tungu ni ya moto, na haimalizwi kwa dakika moja ila na mtu aliyekusudia kuunguza ulimi wake. Shemeji alikusudia.

Watu wa itikadi hii wana hoja zao, na moja nimeambiwa na mtu aliyesoma: Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, na mpaka leo tunamtaja. Ni kweli. Lakini tazameni alichokiona katika usiku huo: visima milangoni mwa misikiti, kata ya mti ya kutekea maji yenye mpini wa dhiraa moja, watu wakiosha miguu na kuipangusa kwenye mkeka mnene kabla ya kuingia. Mwenye usiku mmoja aliutumia kutazama miguu ya watu! Hoja ya pili, kwamba petroli ni ghali na likizo ni chache, naiona kuwa yangu mimi, si yao. Aliye na siku chache ndiye asiyepaswa kuzitumia ndani ya gari.

Waama ratiba hizi hutungwa juu ya ramani, na ramani haijui ila masafa. Husema Malindi ni kilomita 120 hivi. Haisemi foleni ya Mtwapa, wala adhuhuri ya Ijumaa, wakati maduka ya Mji wa Kale yafungapo milango na watu wakaelekea msikitini. Wala, na hili ndilo kubwa, haisemi maji. Bamvua huja mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na hapo bahari hupwa mpaka mwamba ukachomoza. Baina yake huja maji mafu, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana. Jamaa zangu walifika Watamu maji yakiwa yamejaa tele, matumbawe yamezama, na nahodha, mtu mkweli, akawaambia wangoje yapwe, yaani saa tano au sita. Hawakungoja. Gede nako walikuwa wamekwisha kulipita kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, bila ya kulisoma, na watoto, waliokuwa wamewakuta kima juu ya ukuta wa jumba na kutaka kukaa nao, walivutwa mkono mpaka garini.

Nami hukaa Kibarani baadhi ya jioni, mahali pasipokuwamo katika ratiba ya mtu yeyote. Kwa miaka mingi palikuwa jaa, na abiria wakifunga vioo mapema kwa sababu ya harufu. Leo pana miti na upepo, na tangu daraja la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022, maji ya bamvua hupita chini yake pale ambapo zamani yalizuiwa na tuta la barabara. Sisemi paandikwe katika ratiba, Mungu apishe mbali. Pakiandikwa patapewa dakika kumi.

Juzi shemeji amenipigia simu. Wanakuja tena Agosti, naye auliza kama Shimoni, Wasini na Diani zaweza kuingia katika siku moja. Nikamuuliza, siku hiyo mwezi utakuwa ngapi? Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita mwanawe amletee kalenda.