Shangingi limesimama, mafuta yanatembea

Wadau, leo natoa dukuduku. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, penye kikao hukosi shangingi limeegeshwa nje, injini inaunguruma, vioo vimefungwa, AC inapuliza. Ndani yuko dereva peke yake, na mara nyingine hayupo mtu kabisa. Eti bosi akitoka akute siti ya baridi! Kikao chenyewe masaa matatu. Mafuta ya nani? Ya mlipa kodi.

Hebu tupige hesabu. AC ya gari haijiendeshi. Kompresa yake inazungushwa na mkanda wa injini. Redio, taa na chaji ya simu vinategemea alterneta, nayo inazungushwa na injini hiyo hiyo. Ila redio tusiisingizie: simu na redio vinakula wati chache, kompresa inakula kilowati nzima na zaidi. Injini kubwa ikiunguruma bila kwenda popote, AC juu, inaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa saa. Na lita moja ya dizeli ina nishati ya takribani yuniti 10 za umeme. Hata jenereta ikiambulia theluthi tu, taa ya wati 10 ya kusomea ingewaka saa 300 na ushee. Huo ni muhula mzima wa mtu kujisomea usiku!

Sisi wa Zuzu tuna kituo cha TANESCO cha kupoza umeme. Pale umeme unapozwa ili uwafikie watu. Huko mjini dizeli inachomwa ili ipozwe siti tupu! Na dizeli yenyewe inakuja kwa meli, inalipiwa kwa dola. Mwaka 2022 bei ilipopaa, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Sisi kwenye daladala AC yetu ni dirisha.

Mtasema Dodoma joto. Oktoba na Novemba sawa, sibishi. Lakini Julai asubuhi, watu na masweta yao? Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari jamani!

Dereva msimlaumu, anafuata amri. Anayetoa amri ndiye aseme: gari likisubiri, zima. Pandeni miarobaini kwenye maegesho. Bosi akitoka, fungueni vioo dakika mbili joto litoke, kisha washeni AC mkiwa mnaenda. Mheshimiwa atatoka jasho kidogo. Sisi tunalitoka kila siku na tunafika.

Nawasilisha.